Gharama za filamu ziko ndani ya skripti: maandalizi ya filamu huru kabla ya kushuti

Prodyuza wengi wa filamu huru hapa Tanzania huanza na kiasi cha fedha. Kuna milioni kadhaa mkononi, kuna kamera ya kuazima, kuna wasanii wawili walioahidi kuja. Zinahesabiwa siku ambazo fedha hiyo inaweza kulisha watu, kisha skripti inalazimishwa kuingia ndani ya siku hizo. Ikifika siku ya tatu mambo yanaanza kukatwa palepale lokesheni. Sini ya harusi inageuka mazungumzo ya simu kuhusu harusi, ajali ya bodaboda inageuka mtu anayeingia ndani akihema na kusema kuna ajali. Mtazamaji anaishia kuona filamu ambayo nusu yake watu wamekaa sebuleni wanasimuliana mambo yaliyotokea kwingine.

Tabia hii ina historia yake. Enzi za DVD, wasambazaji wa Kariakoo walinunua filamu kwa bei ya mkupuo, hadithi moja ikikatwa sehemu ya kwanza na ya pili, na faida ilikuwa kwenye wingi na wepesi wa kutoa kazi. Katika soko lile maandalizi marefu yalikuwa hasara, na sioni sababu ya kuwalaumu waliofanya kazi vile. Lakini soko lile limeondoka. Leo filamu inapelekwa kwenye vituo vya televisheni, kwenye mitandao ya kulipia, na kwenye matamasha kama ZIFF, tamasha la filamu ambalo limekuwa likifanyika Zanzibar tangu 1998. Huko picha inakaguliwa, sauti inakaguliwa, na karatasi za haki zinakaguliwa kuliko vyote. Anayeandaa filamu kwa mtindo wa zamani anaandaa bidhaa ya duka lililofungwa.

Naamini kwa dhati kwamba gharama yote ya filamu imeshaandikwa ndani ya skripti kabla mtu hajagusa kamera, na kazi kubwa ya maandalizi ni kuisoma. Hatua ya kuisoma ndiyo mchanganuo wa skripti, na ndiyo hatua inayorukwa kuliko nyingine zote. Mpangilio wenyewe unaenda hivi: skripti inazaa mchanganuo, mchanganuo unazaa ratiba, ratiba inazaa bajeti. Bajeti ikizidi fedha iliyopo, unarudi kwenye skripti na kuandika upya. Usikate sahani za watu wala saa zao za kulala.

Tuchukue sini ya mistari miwili, ya aina ambayo mwandishi yeyote anaweza kuiandika akiwa amekaa kivulini: “Usiku. Mvua kubwa inanyesha. Asha anashuka kwenye daladala akiwa amembeba mwanawe mchanga, abiria wote wanamtazama.”

Sasa tuisome kwa jicho la prodyuza. Neno “usiku” limeleta taa na jenereta, na jenereta inataka kuwekwa mbali ili isisikike, kwa hiyo limeleta pia nyaya ndefu. Limeleta gari la kuwarudisha watu makwao saa tisa usiku, maana huwezi kumwachia msichana wa mekapu ajitafutie usafiri wa kwenda Mbagala saa hizo. Limeleta mlo wa ziada. Neno “mvua” ni zito zaidi. Mvua ya kweli haipangwi, na hata ikija haionekani vizuri kwenye kamera isipokuwa imulikwe kutoka nyuma. Kwa hiyo ni boza la maji, mipira, watu wa kuishika, na taa kali nyuma ya maji. Kila ukirudia shoti, nguo za Asha zimelowa, ina maana unahitaji gauni lilelile mara tatu au nne na mtu wa kumkausha nywele. Sauti utakayorekodi hapo haitafaa, kwa hiyo maneno yote yatarudiwa studio, nayo ni siku nyingine ya kulipia. “Daladala” ni gari la kukodi usiku kucha pamoja na dereva wake, na mwenye gari akubali matangazo yaliyobandikwa kwenye vioo yafunikwe. “Mwanawe mchanga” ni mtoto wa watu, na hakuna mzazi anayepaswa kuombwa mtoto wake anyeshewe usiku. Hapo unahitaji mwanasesere aliyefungwa vizuri ndani ya khanga. “Abiria wote” ni watu kumi na tano, wenye nauli, chakula na posho.

Mistari miwili imekula usiku mzima na fedha ambayo ingelipa siku mbili za mchana. Swali linalofuata linamhusu mwandishi na mwongozaji kwa pamoja: sini hii inataka kutuambia nini? Kama inataka tumwone Asha akirudi peke yake, amechoka na ameaibika, basi inaweza kuandikwa hivi: “Alfajiri. Kituoni hakuna mtu. Asha amesimama, khanga imelowa, mtoto mgongoni. Tunasikia daladala likiondoka.” Mvua imeshanyesha, kwa hiyo ndoo mbili za maji zinatosha kulowesha barabara na khanga. Daladala lipo kwenye sauti tu. Abiria hawapo, na upweke wake umeongezeka. Mimi naiona sini ya pili kuwa bora kuliko ya kwanza, lakini hata anayeona tofauti atakubali kwamba uamuzi huu ni rahisi ukifanywa mezani wiki sita kabla, na ni msiba ukifanywa kituoni saa nane usiku watu ishirini wakisubiri.

Hivyo ndivyo kila sini inavyopitiwa. Kwenye karatasi yake unaandika wasanii, idadi ya watu wa nyuma (wanaoonekana bila kusema kitu), nguo, vitu vinavyoshikwa, magari, wanyama, chakula kinacholiwa, vidonda na damu, sauti za pekee, na kama ni ndani au nje, mchana au usiku. Urefu wa sini hupimwa kwa sehemu nane za ukurasa: sini ya nusu ukurasa ni nne ya nane, ya mistari miwili ni moja ya nane. Skripti ikiwa imepangwa kwa mtindo wa kawaida wa filamu, ukurasa mmoja ni takriban dakika moja kwenye skrini. Skripti ya kurasa 90 ikishutiwa kwa kasi ya kurasa tano kwa siku, ambayo ni kasi ya kazi ngumu, inataka siku 18. Ukimsikia mtu anasema atamaliza kurasa 90 kwa siku saba, fahamu kwamba anashuti karibu kurasa 13 kwa siku. Kamera itakaa sehemu moja, wasanii watasema maneno yao mara moja, na ndivyo itakavyoonekana.

Mchanganuo ukikamilika, ratiba inaanza kujipanga. Kila sini inapewa kipande chake cha karatasi, vipande vinabandikwa ukutani, na unaanza kuvihamisha. Kuna programu za kompyuta za kazi hii, ila ukuta unafanya vilevile na timu nzima inauona. Kanuni ya kwanza ni kukusanya sini za lokesheni moja pamoja, hata kama moja ni mwanzo wa filamu na nyingine ni mwisho. Kanuni ya pili ni siku za wasanii: yule mwenye umaarufu anayekupa siku tatu tu, sini zake zote ziingie humo. Halafu kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya haviligusi, nalo ni nywele. Mhusika akiwa na msuko mmoja mwanzoni na mwingine baada ya miaka miwili ya hadithi, kufumua na kusuka upya kunaweza kula siku nzima kwa msusi. Sini zote za msuko wa kwanza zishutiwe kwanza, siku ya kusuka iandikwe kwenye ratiba kama siku ya kazi, na msusi awe kwenye bajeti. Kipara kiwe mwisho kabisa.

Jua nalo lina ratiba yake. Huku kwetu karibu na ikweta linashuka wima. Kile kipindi cha mwanga mlaini wa manjano kabla ya magharibi, ambacho wapiga picha wa London hukifurahia kwa muda mrefu hasa majira yao ya joto, Dar es Salaam ni kama nusu saa hivi, na likishazama giza linaingia upesi. Mwongozaji aliyepanga sini ya kurasa tatu “wakati wa machweo” amepanga sini ya siku tatu au nne. Mchana kuna tatizo jingine: mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba jua la adhuhuri linapita juu ya utosi wa Dar es Salaam, na miezi ya jirani nayo haiko mbali na hapo. Nyuso zinapata vivuli vyeusi machoni, na ngozi nyeusi inapoteza umbo lake lote. Kwa hiyo sini za nje ziwekwe kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa nne, kisha kuanzia saa tisa alasiri. Katikati watu waingie ndani au chini ya mwembe. Masika, yaani Machi hadi Mei, ni ya kuepuka kwa filamu yenye nje nyingi, na vuli ya Oktoba hadi Desemba inataka kila siku ya nje iwe na sini ya ndani ya akiba.

Kwa anayeshuti pwani, kuna maji. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu nimeona sini nzuri za ufukweni zikiharibikia kwenye kuhariri bila waliozishuti kujua kilichotokea. Chukua sini ya wapenzi wawili wanaogombana Kunduchi, kurasa mbili za maneno. Kwa shoti pana, shoti za huyu, shoti za yule na marudio, hiyo ni kazi ya saa tano. Maji hutoka kujaa hadi kupwa kwa saa sita na dakika chache. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tofauti ya kimo cha maji Dar es Salaam hufikia takriban mita 3, na kwenye ufuko wenye mteremko mdogo bahari inarudi nyuma mbali kweli. Matokeo yake, msichana anapoongea mawimbi yako miguuni mwake, mvulana anapojibu nyuma yake kuna mchanga mtupu na ngalawa zimelala ubavu.

Dawa zipo, na zote ni za kwenye karatasi. Ya kwanza ni kupanga sini hiyo siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti ya maji inapokuwa ndogo. Ya pili ni kushuti kwa siku mbili ukijua kwamba maji hurudi kimo kilekile kesho yake kwa kuchelewa kama dakika 50. Ya tatu ni kugeuza kamera zitazame nchi kavu na kuacha bahari iwe sauti tu. Mvuvi yeyote wa ufuko ule atakupa tarehe za bamvua bila kufungua kitabu. Muulize kabla ya kumpa msanii tarehe.

Kukagua lokesheni kwa macho ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni masikio, na tasnia yetu imeteseka kwa sauti kuliko kwa picha. Nenda kwenye nyumba hiyo siku ileile ya wiki na saa ileile utakayoshuti, kaa kimya dakika kumi. Utamsikia fundi wa kuchomelea mageti nyumba ya pili, spika za saluni, bajaji zinazokata kona, kuku, na bati linalolia jua likilipasha. Azana ziandikwe kwenye ratiba: watu wasimame, wanaoswali waswali, kazi iendelee. Uliza kama friji inaweza kuzimwa, na anayeizima aweke funguo za gari ndani yake ili asiondoke bila kuiwasha. Mtu wa sauti awepo kwenye ukaguzi huu na awe na haki ya kusema nyumba hii hapana. Mara nyingi nyumba isiyopendeza sana iliyoko mtaa wa kimya inashinda jumba zuri kando ya barabara ya malori.

Karatasi za serikali hazihitaji maneno mengi, ila zinahitaji muda. Tanzania Bara, kutengeneza filamu kunataka kibali kutoka Bodi ya Filamu Tanzania chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na filamu ikikamilika inarudi kukaguliwa na kupangiwa daraja la umri kabla ya kuonyeshwa hadharani. Zanzibar ina sheria na vyombo vyake, kwa hiyo kibali cha Bara hakivuki bahari. Hifadhi za taifa zina taratibu za TANAPA, na droni inataka ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Hayo yanakulinda mbele ya sheria. Mbele ya mtaa anayekulinda ni mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na anastahili kufuatwa ofisini kwake kwa heshima, apewe barua yenye tarehe, idadi ya magari na jina la mtu wa kumpigia simu. Kama kuna sare za polisi au bunduki bandia kwenye sini, kituo cha polisi kijue mapema, kwa sababu jirani aliyeona mtu kashika bunduki hataanza kutafuta kamera iko wapi.

Mikataba ndiyo inayouma. Tunafanya kazi na marafiki, ndugu na watu tuliosoma nao, na kumwekea rafiki karatasi mbele kunaonekana kama kumvunjia heshima. Nafikiri ni kinyume chake. Rafiki anayejitolea bila mkataba anaachwa bila ulinzi wowote siku filamu ikiuzwa. Mwandishi amkabidhi prodyuza haki za skripti kwa maandishi, yakieleza atalipwa nini na lini. Kila msanii asaini kuruhusu sura na sauti yake, na kama halipwi sasa, fungu lake la baadaye liandikwe kwa asilimia na lieleweke ni asilimia ya nini: ya mapato yote, au ya kinachobaki baada ya gharama. Tofauti ya maneno hayo mawili imevunja undugu mwingi. Mwenye nyumba naye asaini. Yote yafanyike kabla ya kushuti, kwa sababu ukishamaliza kushuti, msanii mmoja asiyetaka kusaini ameishika filamu nzima. Mnunuzi wa maana ataomba mlolongo wa karatasi hizi kabla hajazungumzia bei.

Muziki unaingia humohumo. Wimbo wa Bongo Fleva unaosikika nyuma ya sini ya saluni ni mali ya watu chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, hata ukisikika kwa sekunde kumi. Shuti sini hiyo kimya, kisha umlipe mtunzi kijana akutungie wimbo wako na asaini.

Bajeti, baada ya yote hayo, ni hesabu tu. Timu ya watu 22 ikila mara tatu kwa siku kwa siku 18 ni sahani 1,188. Ukipunguza watu wanne umeondoa sahani 216, na ukiongeza siku moja umeongeza 66 pamoja na magari, vifaa na posho za siku hiyo. Kuhifadhi picha kuna hesabu yake pia: kamera inayoandika megabiti 100 kwa sekunde inajaza gigabaiti 45 kwa saa. Saa tatu za picha kila siku kwa siku 18 ni gigabaiti 2,430, na nakala lazima ziwe mbili kwenye hadidiski mbili zinazolala nyumba mbili tofauti. Weka akiba ya asilimia 10. Na kabla ya kugawa shilingi moja ya kushuti, tenga fedha ya kuhariri, kusawazisha sauti, rangi, na maandishi ya tafsiri chini ya picha, uifungie mahali ambapo hata wewe huwezi kuichota. Filamu zilizokwama kwenye kompyuta za wahariri kwa sababu fedha iliishia lokesheni ni nyingi mno katika tasnia hii, na ndani yake kuna wasanii waliofanya kazi nzuri ambayo hakuna atakayeiona.

Mazoezi ni bei nafuu kuliko yote, na bado ndiyo yanayokatwa kwanza. Mwongozaji Christopher Nolan alipotengeneza filamu yake ya kwanza ndefu, Following, iliyotoka 1998, yeye na wenzake walikuwa na ajira zao, wakashuti London siku za Jumamosi kwa takriban mwaka mzima. Utepe wa filamu wa milimita 16 ulikuwa ghali, kwa hiyo wasanii walifanyishwa mazoezi mpaka sini ikaweza kupatikana kwa jaribio la kwanza au la pili. Sisi hatununui tena filamu ya utepe, lakini kila rudio la shoti kwetu ni mwanga unaokwenda, jenereta inayokula mafuta na watu wanaosubiri. Wiki mbili za jioni kwenye ukumbi wa shule au uani kwa mtu, mkeka chini, chaki ya kuchora milango na kuta, zinatosha kumwezesha msanii afike lokesheni akijua anatoka wapi, anakwenda wapi na kwa nini ananyamaza. Mpiga picha awepo siku za mwisho za mazoezi, maana hapo ndipo orodha ya shoti inapoandikwa kwa ukweli.

Siku saba kabla ya kuanza, kaeni timu nzima na msome skripti kwa sauti, kila mkuu wa kitengo akiwa na mchanganuo wake mbele. Kwenye kila sini aulizwe mtu wa mavazi, wa sauti, wa usafiri: tayari? Anayesema “itajulikana hapohapo” ameonyesha sini ambayo haijaandaliwa, na sini hiyo ipewe jina la mtu na tarehe ya kuimaliza. Zikibaki nyingi, sogeza tarehe ya kuanza. Kusogeza siku hiyo kunachogharimu ni simu za kuwaarifu watu, kwa sababu magari hayajakodiwa wala hakuna aliyesafiri.